Ibn Khaldun: Yatima wa tauni aliyewasoma Mabedui

APRILI 1348, Sultani Abu al-Hasan wa Fez, mtawala aliyekuwa ametia mkononi karibu Afrika Kaskazini yote, alipigwa vibaya na makabila ya Kiarabu ya jangwani karibu na mji wa Kairuan, katika nchi ambayo leo inaitwa Tunisia. Alikuwa na jeshi kubwa, hazina iliyojaa na wanazuoni wa kumsifu. Waliomshinda walikuwa watu wa mahema, wafuga ngamia, ambao wenye miji waliwaona washamba wasiojua adabu ya mezani wala ya barazani.

Mwaka huo huo tauni iliingia Tunis. Iliua tajiri na maskini, imamu na maamuma, ikaacha nyumba zimefungwa na makaburi yamepanuka. Miongoni mwa waliozikwa katika msiba huo ni baba na mama wa kijana wa miaka kama 16 aliyeitwa Abdurrahman bin Muhammad bin Khaldun. Walimu wake wengi nao walikufa.

Bedui anayeangusha dola, na ugonjwa usioonekana unaofuta mji. Kijana yule aliyaona yote mawili kwa pamoja kabla hajaota ndevu sawasawa, na kwa muda wa karibu miaka 60 iliyomsalia duniani hakuacha kuyatafutia sababu. Dunia inamfahamu kwa jina fupi la Ibn Khaldun, na wengi humhesabu kuwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya jamii, karne nyingi kabla ya Ulaya kuipa elimu hiyo jina.

Alizaliwa Tunis tarehe 27 Mei 1332, sawa na mwezi mosi Ramadhani mwaka 732 wa Hijria. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, nchi ile ile ya kusini mwa Yemen ambayo familia nyingi za Mombasa, Lamu na Zanzibar hutaja kuwa ndiyo asili ya babu zao. Wazee wa Ibn Khaldun, hata hivyo, hawakuelekea pwani ya Afrika Mashariki. Walikwenda Andalusia, wakawa watu wa vyeo katika mji wa Sevilla, na walipoona majeshi ya wafalme Wakristo wanakaribia, wakahama kabla mji haujaanguka mwaka 1248. Wakaishia Tunis.

Ilikuwa, kwa hiyo, familia iliyozoea kuhudumia watawala na pia kuwakimbia. Baba yake alichoka na siasa akageukia vitabu. Mwanawe alisoma Kurani, fikihi na lugha, kisha Sultani Abu al-Hasan alipoiteka Tunis mwaka 1347 akaja na msururu wa wanazuoni wa Fez. Mmoja wao, al-Abili, ndiye aliyemfundisha mantiki na falsafa. Tauni ilimwacha hai mwalimu huyo. Wengi wa wenzake ama walikufa kwa ugonjwa, ama walizama pale msafara wa merikebu za sultani ulipovunjwa na dhoruba katika safari ya kurudi kwao.

Tunis ilibaki mji wa upweke. Kijana alipewa kazi ya kuandika kwa hati nzuri maneno ya ufunguzi katika nyaraka za mtawala. Kwa yatima wa miaka kama 20 ilikuwa nafasi ya heshima, lakini hakuitaka. Mara ya kwanza alipopata upenyo alitoroka, akaelekea magharibi hadi Fez, kwenye baraza la Sultani Abu Inan.

Huko Fez alikuta watu wanamcheka msafiri mmoja aliyerejea kutoka nchi za mbali na kusimulia mambo yasiyosadikika. Msafiri huyo ni Ibn Battuta, ambaye wasomaji wetu wanamjua kwa sababu mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa na kuandika habari zake. Ibn Khaldun naye aliingiwa na shaka, mpaka waziri mmoja alipomuonya asikanushe jambo kwa sababu tu hajaliona. Kisa hicho alikiweka baadaye katika kitabu chake. Inapendeza kuona kwamba mtu aliyesifiwa kwa kuchuja habari hakuona haya kukiri kwamba na yeye aliwahi kuwa na haraka.

Lakini Fez haikuwa ya masomo tu. Alijiingiza katika njama za kumrejesha mwana wa mfalme aliyekuwa mateka, akakamatwa mwaka 1357 na kufungwa gerezani kwa karibu miaka miwili. Alitolewa tu baada ya Abu Inan kufa. Mtu mwingine angejifunza kukaa mbali na watawala. Yeye alijifunza kubadili upande mapema zaidi. Katika miaka iliyofuata alimtumikia huyu na kumwacha kwa yule, na hakuna mwandishi wa maisha yake anayeweza kumtetea kwa yote. Alikuwa na akili nyingi, na tamaa ya cheo haikuwa ndogo.

Mwisho wa mwaka 1362 alivuka bahari kwenda Granada, dola ya mwisho ya Waislamu katika Hispania. Mwaka 1364 alitumwa balozi kwa Mfalme Pedro wa Castilla huko Sevilla, mji wa babu zake, na mfalme yule akataka kumrudishia mashamba ya ukoo kama angekubali kubaki. Alikataa.

Huko Granada alikuwa na rafiki mkubwa, waziri Ibn al-Khatib, mshairi na tabibu. Waziri huyu alikuwa ameandika waraka juu ya ile tauni iliyoua wazazi wa Ibn Khaldun. Wanazuoni wengi wakati huo walishikilia kwamba ugonjwa hauhami kutoka mtu kwenda mtu. Ibn al-Khatib alisema unahama, na alitoa ushahidi wa macho: nguo ya marehemu ikivaliwa na mwingine huingiza ugonjwa nyumbani, mji wenye afya huanza kuzika siku chache baada ya merikebu kutia nanga kutoka kwenye nchi yenye maradhi, na waliojifungia wakakataa kuchanganyika na watu walipona. Akataja pia Waarabu wa mahemani barani Afrika, waliobaki na afya wakati miji inakwisha.

Urafiki huo uliingiwa na wivu wa kibarazani, na mwaka 1365 Ibn Khaldun aliondoka. Alipewa uhajibu wa Bijaya, bandari iliyoko Algeria ya leo, cheo kinachoweza kulinganishwa na uwaziri mkuu. Asubuhi aliendesha serikali, mchana alifundisha msikitini, na ilipobidi alipanda milimani mwenyewe kukusanya kodi kwa makabila ya Waberberi. Mwaka mmoja tu ukapita. Mtawala wake akauawa vitani na binamu yake, na hajibu akaukabidhi mji kwa mshindi.

Baada ya hapo ndipo alipoingia hasa katika maisha ya Mabedui. Kutoka mji wa oasisi wa Biskra alifanya kwa miaka kadhaa kazi ambayo wachache wa mjini waliiweza: kuwashawishi masheikh wa makabila ya Kiarabu, hasa Dawawida, wampe askari sultani huyu au yule. Ili kuifanya kazi hiyo ilimlazimu kukaa nao mahemani, kula chakula chao, kujua nani ni binamu wa nani, nani anadai damu ya nani, na ngamia wa ukoo upi watahamia malisho gani majira ya baridi yakiingia. Elimu hiyo haikuwa katika kitabu chochote cha Fez.

Haikuwa elimu ya bure pia. Mwaka 1372, akiwa safarini kwenda Fez, alivamiwa na wapanda farasi wa kabila la Maqil waliochochewa na sultani wa Tlemcen, ambaye alikuwa na kisasi naye. Waliwanyang'anya wasafiri kila kitu. Waziri wa zamani, msomi wa Kurani na balozi wa wafalme, alitangatanga siku mbili jangwani karibu uchi kabla ya kuwafikia wenzake milimani.

Miaka miwili baadaye Ibn al-Khatib, aliyekuwa amekimbilia Fez, aliswekwa gerezani kwa tuhuma za uzushi katika maandishi yake. Ibn Khaldun alijaribu kumwombea. Haikusaidia; waziri yule alinyongwa ndani ya gereza.

Mwaka 1375 sultani wa Tlemcen alimtaka tena aende kwa Dawawida kuandikisha askari. Alikubali kwa mdomo, akatoka mjini, kisha njiani akakata kona na kwenda kuomba hifadhi kwa Awlad Arif, ukoo wa Waarabu wa jangwani. Wakampokea pamoja na familia yake, wakampa makao katika ngome ya Ibn Salama, juu ya kilima katika Algeria ya leo. Alikaa huko karibu miaka minne bila sultani wala baraza. Mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano, aliandika rasimu ya Mukadima, utangulizi wa historia yake kubwa, ambao umeishinda historia yenyewe kwa umaarufu.

Humo Mabedui hawakuwekwa kama kioja. Ibn Khaldun anaanza na ngamia. Mfugaji wa kondoo na ng'ombe, anaeleza, hawezi kwenda ndani sana jangwani kwa kuwa mifugo yake inataka malisho mazuri. Ngamia hutaka vichaka vya nyikani, maji ya chumvi na mchanga wenye joto, kwani jike huzaa kwa shida na baridi humdhuru. Kwa hiyo mwenye ngamia hulazimika kupenya mbali kuliko wote, na umbali huo ndio unaomfanya awe mkali, mvumilivu na asiyependa kutawaliwa. Tabia ya mtu, kwa maneno mengine, haikutoka katika damu yake. Ilitokana na jinsi anavyopata riziki.

Aliona kwamba watu wa jangwani ni jasiri kwa sababu hawana ukuta wala mlinzi. Silaha ya mtu na ndugu zake ndio ngome yake. Mshikamano huo wa ukoo aliuita asabiya, na juu yake akajenga nadharia yake yote. Kabila lenye asabiya huteka mji. Kizazi cha kwanza hukumbuka njaa, cha pili kimeionja raha, cha tatu kimesahau kupigana. Dola nyingi, kwa hesabu yake, humaliza umri wake katika vizazi vitatu vya miaka 40, yaani miaka 120, kisha watu wengine hutoka jangwani. Sultani aliyeshindwa Kairuan alikuwa mfano aliouona kwa macho yake.

Lakini hakuwapamba. Aliandika kwamba nchi waliyoiteka huharibika upesi, kwani huvunja majengo ili wapate mawe ya kuinjikia vyungu na mbao za kusimamishia mahema. Kauli hizo, ambamo alitumia neno Waarabu akiwa na maana ya wahamahamaji, zimewaudhi wasomaji wengi na kutumiwa vibaya na wakoloni. Katika Kiswahili tunayo mabaki ya ugomvi huo huo: neno bedui kwetu limekuja kuwa na maana ya mtu asiyestaarabika, wakati neno ustaarabu lenyewe limetokana na Waarabu. Ibn Khaldun angeuelewa mkanganyiko huo.

Sehemu inayogusa zaidi jeraha lake ni ile ya maradhi. Alitaja kwamba huko nyikani hakuna matabibu wa kazi, kwa kuwa watu hawaugui mara kwa mara: chakula ni kidogo na hakina viungo vingi, hewa ni safi, mwili hauachi kutembea. Miji, hasa dola inapozeeka, hujaa watu kupita kiasi, hewa huchafuka, na tauni hupata nafasi. Alitoa mfano wa Cairo na Fez kuwa miji inayokufa watu wengi zaidi, akashauri kuachwe nafasi tupu kati ya majengo ili upepo upite.

Alikuwa sahihi kuhusu msongamano, akakosea kuhusu hewa. Kosa hilo si la kumcheka, maana kifaa cha kuonyesha ukweli hakikuwapo. Mwaka 1894 Alexandre Yersin, akiwa Hong Kong, alitambua bakteria anayesababisha tauni. Baadaye ikajulikana kwamba husambazwa na viroboto wa panya, na panya hukaa penye maghala ya nafaka. Hema linalong'olewa kila malisho yanapokwisha halina ghala. Hata hivyo si kila bedui aliyesalimika; palipokuwa na mchanganyiko na miji, mahema nayo yalizika.

Kuna maradhi mengine, kama surua na ndui, ambayo huifuata kanuni yake ya msongamano kwa ukamilifu zaidi, na hayo huletwa na virusi. Wazo kwamba kuna kitu cha aina hiyo lilianza kukubalika mwaka 1898, pale Mholanzi Martinus Beijerinck alipochunguza ugonjwa wa majani ya tumbaku na kusema chanzo chake si bakteria. Kirusi si kiumbe kamili. Ni maelekezo ya urithi yaliyofungwa katika ganda la protini. Hakina chakula chake wala hakizaani chenyewe, na nje ya mwili ni kama punje tu. Kikishaingia ndani ya seli hai huiteka na kuifanya kiwanda cha kutengeneza virusi wengine.

Kwa hiyo kirusi huishi kwa kuhama, kama bedui, ila malisho yake ni watu. Aliyepona surua haugui tena maisha yake yote, na ugonjwa hulazimika kutafuta mtoto mwingine ambaye hajaupata. Wataalamu hukadiria kwamba bila chanjo surua huhitaji mji wa watu 250,000 hadi 500,000 ili usizimike. Kambi ya mahema machache haiwezi kuulisha. Hupita mara moja, huumiza, kisha hukoma. Ubaya ni kwamba mguu unaomwokoa mhamahamaji unaweza pia kumbeba adui. Ndui ilipokuwa imefukuzwa karibu dunia nzima, ilidumu miongoni mwa wafugaji wa Ogaden na Somalia, ambao wachanjaji waliwafuata kutoka kisima hadi kisima. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili alipatikana mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa kutokomezwa.

Ibn Khaldun hakuweza kuyajua hayo. Alichohitaji mwaka 1378 ni vitabu vya kurejea, na vilikuwa Tunis. Akiwa ametoka kuugua sana, aliagana na wenyeji wake wa ngomeni akarudi katika mji wa kuzaliwa. Mapokezi yalikuwa mazuri, uhasama ukafuata, na mufti wa mji akawa mpinzani wake mkubwa. Mwaka 1382 aliomba ruhusa ya kwenda Hija, akapanda merikebu ya Alexandria, na hakuiona tena Tunis.

Cairo ilimshangaza. Ilikuwa kubwa kuliko mji wowote aliowahi kukaa. Sultani Barquq alimpa ualimu, na mwaka 1384 akamfanya kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Aliendelea kuvaa burnusi ya Kimaghribi mbele ya wanasheria wa Misri, alikataa rushwa na mapendekezo ya wakubwa, na maadui wakaongezeka kila siku ya kikao.

Familia yake ilikuwa imezuiliwa Tunis. Barquq aliandika barua kumwombea, na ruhusa ikatoka. Walisafirishwa baharini pamoja na vitabu na mali. Karibu na Alexandria merikebu ilipigwa na dhoruba ikazama. Kwa mara ya pili katika maisha yake nyumba yake ilitoweka kwa mpigo mmoja, na safari hii ni yeye aliyekuwa amewaita. Alivuliwa ukadhi, na mwaka 1387 akaenda Makka.

Aliishi karibu miaka 20 tena, akifundisha, akiongeza sura katika historia yake, akirudishwa katika ukadhi na kuondolewa. Mwanzoni mwa 1401, akiwa na umri wa miaka 68, alijikuta ndani ya Damascus wakati mji umezingirwa na Timur, mshindi kutoka Asia ya Kati. Sultani mpya wa Misri alikuwa ameshakimbilia Cairo. Mzee yule aliteremshwa kwa kamba kutoka juu ya ukuta ili akaonane na mtu aliyetisha dunia.

Kwake Timur alikuwa ushahidi unaotembea: mtu wa nyika, mwenye asabiya nyuma yake, anayepiga miji iliyochoka. Alimpelekea zawadi ya Kurani, zulia la kusalia, kasida ya Burda na visanduku vya peremende za Misri. Timur alimuuliza juu ya nchi za Maghrib, akamtaka aandike maelezo yake. Akaandika. Alimuuzia na nyumbu wake, na malipo yakamfikia baadaye Cairo. Alifanikiwa kuwaombea baadhi ya maofisa usalama wa kuondoka. Mji wenyewe haukuokoka. Damascus iliporwa, na Msikiti wa Umayya ukaungua.

Katika safari ya kurudi, watu wa makabila waliuvamia msafara wake njiani na kumvua kila alichokuwa nacho, kama ilivyotokea karibu miaka 30 kabla, upande wa pili wa Afrika Kaskazini. Aliingia tena Cairo, akarudishiwa ukadhi, akaondolewa, akarudishwa. Uteuzi wa sita ulikuwa na umri wa siku chache tu alipofariki dunia tarehe 17 Machi 1406, katika mwezi wa Ramadhani ambao ndio aliozaliwa. Alizikwa katika makaburi ya Masufi, nje ya lango la Bab al-Nasr.